Siku Niliyosema Simjui Dada

Alhamisi ile, mwanangu, ulikuwa mgongoni kwangu, umelala, mate yako yamelowesha kitenge begani. Nayakumbuka hayo mate kwa sababu ndiyo kitu pekee kilichokuwa cha baridi mwilini mwangu. Kwingine kote nilikuwa nawaka.

Tulikuwa kwenye foleni ya kupima watoto uzito, kwenye kituo cha afya ambacho jina lake nimeliandika mahali panapohusika na hapa silitaji. Alhamisi kituo kile kina kliniki mbili kwa mpigo. Sisi wenye watoto tunakaa kwenye mabenchi chini ya paa, tunaitwa mama Neema, mama Baraka, karibu mama. Wagonjwa wa akili wanakaa nyuma, karibu na tanuru la kuchomea taka, juu ya tofali. Jua lao, mvua yao, moshi wao. Hao hawana majina. Nesi anatoka mlangoni anapaza sauti, "Wa kichwa!" wanainuka.

Dada yangu Editha, mama yako mkubwa, alikuja peke yake siku hiyo. Ana miaka thelathini na moja. Anachomwa sindano kila mwezi, na akiipata kwa wakati anafanya kazi, anacheka, anakusuka nywele mpaka unasinzia. Alifika mlangoni na kadi yake mkononi. Nesi akamtazama juu mpaka chini.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, sista."

"Mara ngapi nimewaambia nyie? Nenda kalete mtu mwenye akili zake, ndiyo nikuhudumie."

Mtu mmoja kwenye benchi letu akacheka. Editha aliinua macho tu, yakanikuta mimi kwenye foleni, na nesi akayafuata yale macho mpaka kwangu.

"We dada mwenye mtoto mgongoni. Huyu ni nani wako?"

Hapo ndipo subira yangu ilipokatika, mwanangu, na nataka ujue ilikatwa na nini. Siyo nesi. Kabla sijafungua mdomo, Editha alinigeuzia mgongo. Akaanza kuangalia lile tanuru kama vile kuna kitu anakisoma pale. Alikuwa ananisaidia. Alikuwa ananipa nafasi niseme simjui, kwa sababu nilishawahi kusema.

Nilipiga kelele nisiyojua kama ninayo. "Ni dada yangu! Tumbo moja! Na huyo mtu mwenye akili zake unayemtaka ndiye huyo huyo. Kaja kwa miguu yake, na kadi yake, na tarehe hakukosea!"

"Punguza sauti, mama Neema, unaamsha watoto."

"Mbona mimi ni mama Neema na yeye ni wa kichwa?"

"Au na wewe nikufungulie faili?" Benchi zima likaangua kicheko.

"Fungua!" nikamwambia. "Andika jina langu. Nikakae naye kule kwenye moshi."

Nikatoka kwenye foleni nikaenda kukaa juu ya tofali mpaka Editha alipochomwa sindano, wa mwisho. Wewe ukaamka ukalia. Ndiyo maana mwezi ule hukupimwa uzito. Siku moja utaikuta kadi yako ya kliniki na ile nafasi tupu katikati. Usimuulize mtu, ndiyo hiyo.

Najua nasaha ni kazi ya wazee. Mimi nina miaka ishirini na nne, nimeishia kidato cha nne, na ndevu sina wala mvi. Lakini hili jambo wazee wetu wengi wamelinyamazia, na wengine waliolisema walilisema kwa kunong'ona. Kwa hiyo nakusimulia mimi, na wengine wanaotaka kusikia wasikie. Nakusimulia kosa langu kwanza, maana siwezi kulalamikia la nesi nikaliruka la kwangu.

Sisi ni watu wa Ilula, na Ilula ni nyanya. Ukizaliwa kwetu unajua kupanga tenga kabla hujajua kusoma. Unatandika nyasi chini, unapanga nyanya, unafunika, unakaza kwa kamba za manila. Editha alikuwa hodari kuliko wote. Za juu alizipanga moja moja, kikonyo kimeangalia chini, zote za rangi moja, mpaka madereva wa malori walikuwa wanauliza, "Hili kafunga nani?" Kama ni yeye hawafungui kukagua. Vidole vyake vilikuwa vinakimbia, huwezi kuvifuata kwa macho. Nakuomba uvikumbuke hivyo vidole.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka ishirini na mbili. Aliacha kulala. Akawa anasikia watu wanamsema ndani ya stoo, na stoo haina mtu. Baba mdogo alisema karogwa. Majirani wakasema ni ulanzi, wakati hata kunywa alikuwa hanywi. Mchungaji wetu ndiye aliyesema neno la maana. Alisema, "Maombi tutafanya hapa, na hospitali mtaenda. Mimi sijawahi kumwombea mtu mguu uliovunjika nikamwambia asiende kufungwa bandeji." Tukaenda. Sindano ikamkubali. Miaka ikapita, Editha akarudi kwenye matenga yake.

Lakini kituo kilikuwa na utaratibu wake ambao mpaka leo kinao: mgonjwa wa akili hahudumiwi bila ndugu wa kumsindikiza, hata awe mzima namna gani siku hiyo. Mama miguu inamsumbua. Msindikizaji nikawa mimi.

Nilimsindikiza kwa namna yangu. Nilikuwa natembea nyuma yake, hatua kumi, kumi na tano. Tukifika, yeye anaingia getini, mimi navuka barabara nasimama na wauza nyanya, nimeshika kindoo cha nyanya kama nangoja basi lisimame. Nesi akiuliza, Editha anaonyesha kwa kidole, mimi nanyoosha mkono kidogo, yanaisha. Nilikuwa nimejitengenezea namna ya kuwa naye bila kuwa naye. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, na baba yako alikuwa ameanza kuja nyumbani.

Kwetu, kabla watu hawajaleta barua ya posa, wanatuma mtu wa kuulizia. Anakuja kama mgeni tu, ananunua kitu, anazungumza na majirani: ukoo huu una ugonjwa gani, wana hasira, wanapiga wake zao, kuna kifafa, kuna kichaa? Aliyetumwa kwangu alikuwa shangazi yake baba yako, toka Mlandege. Na siku aliyoichagua, Mungu anajua kwa nini, ilikuwa Alhamisi.

Alinikuta pale barabarani na kindoo changu. Akafurahi. "Ndiyo wewe Oliva? Mtoto mchapakazi!" Akawa ananiuliza habari za shule, na mimi najibu kwa adabu zote, nimepiga goti, moyo umejaa. Ndipo nesi akatokea getini ng'ambo ya barabara, Editha kando yake na kadi mkononi.

"We dada! Wa kindoo! Huyu anasema umemleta wewe. Ni nani wako?"

Shangazi akageuka kuniangalia.

Nikasema, "Simjui."

Nililisema kwa sauti, lisikike barabara nzima. Unajua Editha alifanya nini? Hakulia, hakunifokea, wala hakunitazama vibaya. Alimwambia nesi, nami nikasikia, "Samahani sista, nimekosea mtu."

Nesi akamrudisha bila sindano. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Maskini. Sijui hata kama ana ndugu huyu." Mimi nikamfungia nyanya zake kwenye mfuko, nzuri nzuri za juu.

Nyumbani nikamwambia Mama kwamba Editha kachomwa. Editha alikuwa amekaa pale pale, akanyamaza. Hilo la pili naliona kubwa kuliko la kwanza, mwanangu. La kwanza lilinitoka kwa hofu. La pili nilikuwa na njia nzima ya kulifikiria.

Ulipofika mwezi wa pili bila sindano, Editha hakuwa Editha tena. Akawa anatoka nje kupigana na watu wasioonekana, akamwaga matenga mawili yaliyokuwa yanangoja lori, akakimbilia barabarani malori yanateremka. Na ulikuwa msimu, nyanya zimeiva shambani, hazingoji mtu. Baba mdogo akasema, "Tumfunge kidogo. Tuvune, tukimaliza tutampeleka." Alisema kidogo. Kila anayemfunga mtu husema kidogo.

Tulimfunga kwenye stoo ya matenga, kwa kamba zile zile za manila tulizofungia nyanya, kwa fundo lile lile alilonifundisha yeye nikiwa mdogo. Mimi nilishika miguu. Nilijua kwa nini anaumwa, mimi peke yangu pale ndani ndiye niliyejua, na nilishika miguu.

Siku sita.

Siku ya saba alikuja Bibi, mama yake baba yangu, kutoka Kilolo. Alikuwa amesikia kwa watu. Kwetu Uheheni mtu mkubwa akifika unateremka chini unamsalimu, *kamwene*, naye anaitikia. Hanyimwi mtu salamu hiyo, hata mliyegombana naye mpaka wa shamba. Bibi aliingia uani, hakuomba maji, akaenda moja kwa moja stoo. Tulimsikia anahangaika na lile fundo, kisha akaita apewe kisu. Mkono wa kulia wa Editha ulikuwa umevimba hauna umbo. Bibi akamwuliza, taratibu, kama anamwuliza mtoto, "Sindano hukupata?"

Editha alikuwa hajasema neno la kueleweka siku nyingi. Hilo alilisema vizuri kabisa. "Oliva alisema hanijui."

Nikaanguka chini mbele ya Bibi. "Kamwene, Bibi."

Bibi akanitazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Akasema, "Wewe mtoto wa nani? Mimi sikujui."

Akampeleka Editha hospitali kubwa kwa gari la nyanya, amempakata kichwa kati ya magunia. Wauguzi wa kule, nisiwadhulumu, walimpokea kama mtu. Walimwita Editha. Alilazwa wiki tano akarudi na akili zake zote. Vidole havikurudi. Cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia, havikunjiki mpaka leo. Daktari alisema kamba ilikaa muda mrefu mno. Sasa Editha anachambua nyanya, mbovu huku, nzima huku, na watu wengine wanapanga. Ukimwona amesimama anaangalia mtu anavyopanga tenga vibaya, na hasemi kitu, mwanangu, usipite. Mshike ule mkono.

Wiki zote tano nilimsalimu Bibi kila alipokuja, naye alinijibu vile vile, "Sikujui." Mbele ya Mama, mbele ya wageni. Mpaka nikaenda wodini nikapiga magoti, nikamwomba Editha radhi. Aliniangalia akasema, "Uliogopa. Hata mimi siku nyingine najiogopa." Akanipa nusu ya chungwa alilokuwa anamenya kwa mkono wa kushoto.

Nikarudi kwa Bibi. "Kamwene, Bibi." Akaitikia. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kulia. Akaniambia, "Nimekuitikia mimi. Lakini wewe ulimkana barabarani, watu wakasikia, halafu umemwomba radhi chumbani. Waliokusikia bado wanajua kwamba Editha hana ndugu."

Sikuelewa. Au nilielewa nikajifanya sijaelewa, maana posa ilikuwa imekuja, na baada ya posa harusi, na baada ya harusi wewe. Siku moja nilimsimulia baba yako kila kitu. Akashangaa kidogo tu. "Kwani ulidhani sijui? Ilula nzima inajua Editha ni dada yako. Shangazi mwenyewe aliniambia siku ile ile. Alisema, 'Msichana mzuri, ila kamkana dada yake.'" Basi. Nilimuuza dada yangu kuficha kitu ambacho hakikuwa kimefichika. Vidole viwili viliondoka kwa ajili hiyo.

Bibi alifariki msimu wa baridi uliopita. Wakati wa kumwaga udongo Editha alisimama kushoto kwangu, na nilikuwa bado sijafanya alichoniambia.

Kwa hiyo siku ile kituoni, alipogeuka kulitazama tanuru ili mimi niwe huru kumkana tena, nilimsikia Bibi. Haikuwa sauti kama zile anazozisikia Editha akiumwa. Nilimkumbuka tu, kwa nguvu zote.

Sasa nisikilize, na wewe, na kila msichana anayetembea hatua kumi nyuma ya mtu wake.

Ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Una dawa, una tarehe, una kurudi na kupona na kurudi tena, kama kisukari cha babu yako. Mtu akikwambia anasikia sauti, au amechoka kuishi, usimbishie na usimcheke. Kaa naye, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, nyanya ziache zioze. Usimfunge, hata kidogo, hata kwa upendo. Usimwite kwa ugonjwa wake. Akiwa mzima mwache aende mwenyewe, mwache anunue mwenyewe, mwache akubebee mtoto, maana anayetibiwa halafu akanyimwa maisha ametibiwa nini? Na ikitokea wewe mwenyewe ndiye unayeumwa, mwanangu, kwa sababu inaweza kutokea, usiogope kuniambia. Nitatembea kando yako. Siyo nyuma.

Na wale wanaotuhudumia wakikosea, usiishie kupiga kelele kama mimi. Nilipiga kelele, watu wakacheka, na wiki iliyofuata tofali zilikuwa pale pale. Nesi yule yuko peke yake na watu wengi, nalijua hilo, na siku nyingine hata dawa hana. Lakini kumwita mtu jina lake hakuhitaji dawa. Kwa hiyo niliandika. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha barua rasmi kidato cha pili, nikadhani sitaihitaji maishani. Tulikaa na Editha mezani, yeye akasoma kila mstari, mmoja akautunga mwenyewe. Nikampelekea mganga mfawidhi wa kituo. Aliisoma hadi aya ya mwisho, akaniuliza, "Binti, hii nayo una uhakika unataka iwemo?" Nikamwambia imo. Akagonga muhuri nakala zote mbili.

Mungu akulinde, Neema wangu. Akupe akili timamu siku zako zote, na siku ikikupungukia akupe watu wasioona haya kukuita mtu wao. Akupe mdomo wa kusema namjua. Nakala yangu iko kwenye bahasha pamoja na kadi yako ya kliniki. Inasema hivi:

Kwa Mganga Mfawidhi,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU WANAVYOHUDUMIWA WAGONJWA WA AKILI SIKU YA ALHAMISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Ilula. Nalalamika kwamba wagonjwa wa akili wanakalishwa kwenye tofali karibu na tanuru la taka, wakati wengine wote wanakaa kwenye mabenchi chini ya paa. Naomba wakae pamoja nasi.

Nalalamika kwamba wanaitwa "wa kichwa" mbele ya watu. Majina yao yameandikwa kwenye kadi. Naomba yasomwe.

Nalalamika kwamba mtu mzima aliyekuja mwenyewe, na kadi yake, kwa tarehe yake, anarudishwa bila sindano kwa sababu hana msindikizaji. Naomba utaratibu huo ufutwe. Dawa ikiwa imeisha, naomba mgonjwa aambiwe mapema na aelekezwe itakapopatikana. Mgonjwa mwenyewe ameomba niandike maneno yake haya: "Mimi nikija peke yangu, furahini, maana yake nimepona."

Mwisho, najilalamikia mimi mwenyewe. Miaka mitano iliyopita, mbele ya geti la kituo chako, niliulizwa kuhusu mgonjwa huyu nikajibu kwamba simjui. Alirudishwa bila sindano, na yaliyomkuta baadaye yamo mkononi mwake wa kulia. Nesi aliniamini mimi. Naomba jibu lile lifutwe, na hili liwekwe kwenye faili lake.

Jina la mgonjwa: Editha.

Jina la mlalamikaji: Oliva, mama Neema.

Uhusiano na mgonjwa: Ni dada yangu. Namjua.